Gari Likaguliwe Mara Ngapi?

Hapana mkulima afugaye ng'ombe wa maziwa asiyejua kwa nini josho huwa la kila juma. Hakuna bwana aliyekaa mezani akachagua siku saba kwa sababu hesabu hiyo yapendeza. Siku hizo zafuata maisha ya kupe mwenyewe. Kupe akisha kupanda juu ya ng'ombe hunyonya kwa siku kadhaa kabla hajashiba na kuanguka, na josho la kila juma lamkuta angali amening'inia sikioni. Mfugaji akiliacha josho kwa majuma matatu, ndigana yaweza kuingia bomani, na hata dawa ikiwa nzuri namna gani haitamfaa tena.

Yafaa tuulize swali lilo hilo juu ya magari. Sheria yataka gari lipelekwe kwa mkaguzi ili atazame breki, usukani, taa, magurudumu na vyuma vya chini, kisha atoe cheti. Je, jambo hilo lifanywe baada ya muda gani? Miezi sita? Mwaka? Miaka miwili? Na muda huo wafuata kitu gani: uchakavu wa chuma na mpira, au kalenda iliyotundikwa ukutani mwa ofisi?

Swali hili si la wenye magari peke yao. Katika mwaka 2024 Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, iitwayo NTSA, ilihesabu watu 4,748 waliokufa katika barabara za Kenya. Kundi kubwa kuliko yote katika hesabu za namna hiyo, mwaka hata mwaka, ni la watu waendao kwa miguu. Basi mama apelekaye mboga sokoni na mtoto avukaye njia kwenda shule wana haki ya kuuliza habari za breki za gari lisilo lao. Kwa upande wa pili, mwenye gari naye ana neno. Kila ukaguzi humtoa fedha na siku nzima ya kazi, na kama yuko mbali na mji wenye kituo, huenda zikawa siku mbili. Mtu akiongeza idadi ya ukaguzi bila sababu, amewatoza watu kodi bila kuwapa kitu.

Tuitazame kwanza sheria ya kwetu. Chini ya Sheria ya Trafiki, magari ya abiria na magari ya biashara hupaswa kukaguliwa kila mwaka. Kwa motokaa za watu binafsi, sheria yataja gari lililopita miaka minne tangu siku ya kutengenezwa; lakini sehemu hiyo ilikaa kwa miaka mingi kama silaha iliyotundikwa ukutani. Mwenye motokaa yake ya kwendea kazini aghalabu hakukutana na mkaguzi ila alipobadili rangi ya gari au injini, au alipopata ajali. Mwaka 2025 Serikali ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi na kuwaomba wananchi maoni yao, na ndipo watu wengi walipotambua kwamba neno la miaka minne lilikuwa limeandikwa zamani.

Hapa pana jambo ambalo lasahauliwa sana. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa motokaa iliyotumika ikiwa imepita miaka minane, na nyingi kati ya zinazoingia hutoka Japan zikiwa na umri wa miaka saba hivi. Kwa hiyo hesabu ya miaka minne ikifuatwa sawasawa, karibu kila motokaa ishukayo Mombasa imekwisha kupita mpaka huo kabla haijakanyaga lami ya kwetu. Na huko Japan motokaa mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama ya ukaguzi huo pamoja na kodi ziambatanazo nao ni kubwa hata watu wengi huona heri kuuza gari kuliko kulipeleka tena. Hivyo twanunua magari ambayo wenyewe waliyaacha hasa kwa sababu ya ukaguzi! Sisemi kwamba ni mabaya. Mengi ni mazuri, na hutazamwa kabla ya kupakiwa melini. Nasema tu kwamba yaja kwetu wakati ule ambapo yaanza kuhitaji jicho.

WALIVYOANZA WAINGEREZA

Katika Uingereza ukaguzi wa lazima wa motokaa ulianza tarehe 12 Septemba 1960, wakati Bwana Ernest Marples alipokuwa Waziri wa Uchukuzi. Sheria iliyoruhusu jambo hilo ilikuwa imepitishwa tangu mwaka 1956. Mwanzoni iligusa magari yaliyopita miaka kumi tu, na mkaguzi aliangalia vitu vitatu: breki, taa na usukani. Watu walidhani kwamba magari mengi yatapita. Haikuwa hivyo. Yaliyoshindwa yalikuwa mengi hata Serikali ikaona kwamba miaka kumi ni mingi mno, na mwisho wa mwaka 1961 umri ukashushwa hadi miaka saba. Mwaka 1967 ukashushwa tena hadi miaka mitatu, na mwaka uliofuata magurudumu yakaongezwa katika vitu vya kutazamwa. Tangu hapo gari likisha kufikia umri huo hukaguliwa kila mwaka. Teksi na magari yenye viti vya abiria zaidi ya vinane hayangojei hiyo miaka mitatu. Huanza kukaguliwa yakiwa na mwaka mmoja.

Yafaa kuona jinsi walivyoufikia muda huo. Hawakuubuni. Walikagua, wakahesabu yaliyoshindwa, kisha wakausogeza mpaka kufuata hesabu. Mwaka 2017 Serikali ya huko iliuliza watu kama yafaa kuirudisha miaka minne badala ya mitatu, kwa kuwa motokaa za siku hizi ni imara kuliko za zamani. Mwaka 2018 shauri hilo likaachwa.

Nchi nyingine zimechagua vingine. Ujerumani huenda kama Japan, miaka mitatu kisha kila miwili. Umoja wa Ulaya umewawekea wanachama wake kiasi cha chini kabisa: mara ya kwanza baada ya miaka minne, kisha kila miaka miwili, na mwenye kutaka zaidi aongeze. New Zealand ilikuwa kali kuliko hao wote, kwani motokaa zilizopita miaka sita zilikaguliwa kila miezi sita. Mwaka 2014 ikalegeza, na zile zilizoandikishwa tangu mwaka 2000 zikawekwa katika ukaguzi wa kila mwaka. Huko Marekani kila jimbo lina lake. New Jersey iliacha kukagua vyuma vya motokaa za watu binafsi mwaka 2010, na Texas ikafuata tarehe 1 Januari 2025.

Msomaji ataona kwamba tuna kila jibu, tangu miezi sita hadi kutokagua kabisa, na waliotoa majibu hayo wote ni watu wenye akili na wenye barabara nzuri. Je, hakuna aliyejaribu kupima ni nani mwenye haki?

JARIBIO LA NORWAY

Yuko. Katika miaka ya 1980 watu wa Norway walifanya jambo ambalo serikali chache zimethubutu kulifanya. Walitwaa motokaa 204,000 wakazigawanya kwa kura katika mafungu matatu. Motokaa 46,000 zilikaguliwa kila mwaka kwa muda wa miaka mitatu. Nyingine 46,000 zilikaguliwa mara moja tu katika muda huo. Na 112,000 zilizosalia hazikukaguliwa kabisa. Kisha wakahesabu ajali za kila fungu. Mchunguzi Stein Fosser alitangaza matokeo mwaka 1992.

Magari yaliyokaguliwa yalionekana kuwa na hali njema kuliko yale yaliyoachwa. Hilo tungelitazamia. Lakini idadi ya ajali haikutofautiana. Fungu lililokaguliwa mara tatu, fungu lililokaguliwa mara moja, na fungu lisilokaguliwa, yote yalipata ajali kwa kiasi kilicho karibu sawa.

Mtu asiyependa ukaguzi atafurahi akisoma hayo, na yule aupendaye atakasirika. Yafaa wote wawili wangoje kidogo. Kwanza, ajali nyingi hazitokani na chuma kuvunjika bali na mwendo wa kasi, ulevi, usingizi na haraka ya kupita gari la mbele. Pili, dereva ajuaye kwamba breki zake ni dhaifu huenda akaendesha polepole, na yule aliyetoka kupewa cheti huenda akapata ushujaa asiokuwa nao jana. Tatu, na hili ndilo kubwa kwetu, hizo zilikuwa motokaa za watu, katika nchi ambayo polisi husimamisha magari njiani na kuyatazama, na ambayo mwenye gari ana desturi ya kulipeleka kwa fundi mwenyewe. Jaribio hilo halikuwa la matatu, wala la lori lenye tani ishirini na nane likishuka mteremko wa Salgaa.

Hata hivyo hatuwezi kulitupa. Kama kukagua motokaa ya mtu binafsi mara tatu hakukuzaa kitu zaidi ya kuikagua mara moja, basi haifai kuwajaza walimu na makarani katika foleni za kila mwaka huku wakaguzi wakikosa nafasi ya kutazama mabasi. Wakaguzi wa nchi yo yote ni wachache. Saa moja anayoitumia mkaguzi chini ya motokaa iendayo kanisani Jumapili ni saa ambayo hakuitumia chini ya basi la usiku.

KILOMITA, SI MIEZI

Hapa ndipo ninapoona kosa la kuhesabu kwa kalenda. Tuchukue mwalimu aishiye kilomita kumi kutoka shuleni kwake. Kwenda na kurudi ni kilomita 20 kwa siku. Ukiongeza safari za sokoni, za hospitali na za kuwaona wazee, huenda kwa mwaka akafika kilomita 8,000. Sasa tuchukue matatu ifanyayo kazi kati ya Nairobi na Nakuru, njia ya kilomita 160 hivi. Ikienda na kurudi mara mbili kwa siku, ni kilomita 640. Kwa siku 25 za mwezi ni kilomita 16,000. Maana yake ni kwamba matatu hiyo yamaliza kazi ya mwaka mzima ya mwalimu katika nusu mwezi, na kabla ya kukutana na mkaguzi tena itakuwa imekwenda kilomita 192,000.

Pedi za breki, yaani vile vipande vinavyobana chuma cha gurudumu, huisha kwa kusuguliwa wala si kwa kuzeeka. Hata tukizipa kilomita 50,000, ambazo ni nyingi kwa gari lenye abiria na mizigo katika nchi ya milima, matatu yetu itazimaliza mara tatu au zaidi kati ya cheti na cheti. Basi cheti cha mwezi Januari chatuambia nini juu ya breki za mwezi Agosti? Chatuambia kwamba wakati mmoja gari hili lilikuwa na breki.

Na mkulima je? Pikapu yake ya kupelekea viazi sokoni mara mbili kwa juma huhesabiwa kuwa gari la biashara. Kwa hiyo hudaiwa ukaguzi wa kila mwaka sawa na lori lipandalo kutoka Mombasa hadi Malaba, safari ya kilomita zaidi ya 900, na kurudi, na kupanda tena. Vitu viwili visivyofanana vimepewa dawa moja kwa kipimo kimoja. Hakuna mfugaji angefanya hivyo kwa ndama na fahali.

Waingereza walilitatua jambo hili kwa njia ambayo yastahili kutazamwa kuliko ule ukaguzi wao wa kila mwaka unaojulikana sana. Mwenye leseni ya kuendesha malori au mabasi hutakiwa, zaidi ya ukaguzi wa mwaka, kuweka ratiba ya kuyachunguza magari yake mwenyewe katika karakana. Muda kati ya uchunguzi mmoja na mwingine huamuliwa kwa kutazama gari huenda kilomita ngapi, hubeba uzito gani, hupita njia za namna gani, na lina umri gani. Gari likifikia miaka 12 muda huo haupaswi kupita majuma sita. Dereva naye hulizunguka gari kila siku kabla ya kuondoka, na kuandika kila kasoro aliyoiona. Karatasi za uchunguzi huwekwa kwa miezi 15, na mkaguzi wa Serikali akifika huziomba. Hapo hapatakiwi wakaguzi elfu. Patakiwa daftari la kweli, na mtu wa kuja kulisoma bila kutoa habari.

Makarani watalielewa jambo hili upesi. Mkaguzi wa hesabu huja mara moja kwa mwaka, lakini fedha za sandukuni huhesabiwa kila jioni. Hakuna ofisi iwezayo kuiacha hesabu ya jioni kwa sababu mkaguzi atakuja mwezi Juni.

Kwetu mahali pa kuliweka daftari hilo pako tayari. Kanuni za mwaka 2014 zilitaka kila mwenye gari la abiria awe ndani ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Vyama hivyo vimekuwa hodari wa kukusanya fedha na kupanga foleni stendi. Viwekewe na sharti la kumlipa fundi mmoja mwenye cheti, alichunguze kila gari mara moja kwa mwezi na kutia sahihi yake. Ajali ikitokea, daftari liwe la kwanza kuombwa.

Maoni yangu, basi, ni haya. Magari ya abiria na malori makubwa yakaguliwe na Serikali kila miezi sita, na kati ya hapo pawe na daftari la kila mwezi. Pikapu ya shamba ibaki na mwaka wake mmoja. Motokaa ya mtu binafsi ianze ikiwa na miaka minne kama sheria isemavyo, iende kila miaka miwili mpaka itimize miaka kumi, kisha kila mwaka, kwa kuwa kutu na kulegea kwa viungo vya usukani ni mambo ya uzee kweli, hata gari lisipotembea sana. Najua wenye matatu watasema kwamba miezi sita itawaua. Lakini siku moja katika siku 180 si nyingi, na gari likiharibika breki njiani hukosa kazi kwa siku zaidi ya hiyo, kama lapata bahati ya kurudi.

Liko neno jingine ambalo kila mtu alijua na wachache hulisema wazi. Wako wenye magari wanaoazima magurudumu mazuri asubuhi ya ukaguzi na kuyarudisha jioni. Wako pia wanaotafuta cheti bila gari kufika kituoni. Kwa watu hao hata ukaguzi wa kila mwezi hautasaidia. Utaongeza tu biashara ya kuazima. Ndiyo maana ukaguzi usiotangazwa, wa kando ya barabara, una nguvu ambayo ule wa kituoni hauna. Ulaya imeagiza kwamba kila mwaka magari makubwa yasimamishwe njiani na kutazamwa kwa idadi isiyopungua asilimia 5 ya yaliyoandikishwa. Kenya ilionja jambo la namna hiyo mwezi Februari 2004, wakati kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika. Matatu zisizo na mikanda na vidhibiti mwendo ziliondolewa njiani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, nauli ikapanda, na wengi walinung'unika. Lakini watu walishika mikanda, nao abiria wakakaa mmoja mmoja katika kiti chake. Ulegevu uliofuata haukutoka katika kanuni. Kanuni zilikuwa zile zile.

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori lenye kontena liliacha barabara likawaangukia watu waliokuwa wamesimama na kufanya biashara kando ya njia, na zaidi ya watu 50 wakafa. Sitasema kwamba cheti kingewaokoa. Nasema kwamba baada ya msiba kama huo si haki mtu yo yote ashindwe kujibu swali jepesi: ni lini, na nani, alizitazama breki za lori hilo mara ya mwisho?

Wakati kanuni zikingojewa, mwenye motokaa anaweza kutazama vitu viwili bila kumlipa mtu. Cha kwanza ni mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani, na yenye maji hufika mahali pa kuchemka upesi breki zikipata moto, hasa katika mteremko mrefu. Ndipo dereva akanyagapo asikute kitu. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halikutembea.

Cha pili ni umri wa magurudumu. Ubavuni mwa kila mpira pana herufi DOT, na mwisho wa maandishi hayo pana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 2315, mpira huo ulitoka kiwandani katika juma la 23 la mwaka 2015. Huenda meno yake yangali marefu, na aliyekuuzia akasema ni mpya, lakini mpira hukauka na kupasuka ndani ukikaa. Tazama nyufa ndogo karibu na chuma. Na usiliache gurudumu la akiba, kwani hilo ndilo aghalabu lenye tarehe ya zamani kuliko yote.